Dodoma si “notorious” kwa zabibu

“Dodoma is notorious for its grapes.” Mwandishi wa sentensi hii alitaka neno zito kuliko “famous”. Akachukua lililokaa jirani nalo, na sasa msomaji anayejua Kiingereza anajiuliza zabibu za Makutupora zimefanya kosa gani. “Notorious” ni umaarufu mbaya: jambazi sugu, kona inayoua watu barabarani. Alilolihitaji ni “renowned”, nalo hufuatwa na “for”: “Dodoma is renowned for its grapes.”

Hapo ndipo msamiati mgumu unapowaangusha wengi, wa kidato cha tano na hata waandishi wa ripoti kule Mtumba, mji wa Serikali. Maana ya neno wanaijua nusu, na maneno linalotembea nayo hawayajui kabisa. Ndiyo maana kukariri maneno hamsini na tafsiri zake hakuzai sentensi hata moja nzuri.

Maneno matano kwa siku yanatosha. Tafuta kaunta buku la kwaya mbili, lile daftari nene, kila neno ulipe nusu ukurasa: aina yake, maneno yanayoandamana nalo, kihusishi kinachofuata, ndugu zake wa ukoo mmoja, kisha sentensi mbili za kwako kuhusu kitu unachokijua.

Tuchukue “scarce”. Ni kivumishi, huandamana na “water”, “food”, “jobs”, “resources”, yaani vitu vinavyohitajika lakini havitoshi. Ugonjwa unaotokea mara chache ni “rare”, si “scarce”. Nomino yake ni “scarcity”: “water scarcity”. Sentensi: “Pasture becomes scarce in Dodoma before the December rains.” Sasa mtego: “scarcely” si “kwa uhaba”. Ina maana ya “kwa shida sana” na tayari imebeba ukanushi, kwa hiyo “I can't scarcely hear you” ni kosa, sema “I can scarcely hear you.” Ukiianzisha sentensi nayo, kitenzi kisaidizi kinatangulia mtenda: “Scarcely had we planted when the rain stopped.”

Au “mitigate”, neno linalopendwa mno kwenye maandiko ya miradi. Kinachopunguzwa makali ni madhara, si mtu. “The project will mitigate farmers” haina maana. Andika “mitigate the effects of drought on farmers”. Tena usiandike “mitigate against”. Anayeandika hivyo amelichanganya na “militate against”, ambalo maana yake ni kukwamisha jambo.

Kosa jingine linatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Tunajadili kuhusu jambo, tunasisitiza juu ya jambo, basi tunaandika “discuss about” na “emphasize on”. Vitenzi hivyo havitaki kihusishi: “discuss the budget”, “emphasize the need”. Kinachowachanganya watu ni kwamba nomino zake zinakitaka: “a discussion about the budget”, “emphasis on the need”. Kwa hiyo kitenzi na nomino viandike kwenye mistari miwili tofauti daftarini, kila kimoja na mfano wake. Na “advice”, “equipment”, “information”, “research” zisiongezwe “s” ya wingi. Ukitaka kuhesabu, ni “two pieces of advice”.

Kurudia kuna ratiba yake: kesho yake, siku ya tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Funika Kiingereza, soma maana ya Kiswahili, tunga sentensi mpya kabisa, ndipo ufunue. Kusoma tu ukurasa huku ukitikisa kichwa kunadanganya, kwa sababu kulitambua neno ni rahisi kuliko kulitoa kinywani. Neno lililokushinda mara mbili lirudishe kwenye matano ya kesho.

Usisahau kulisema kwa sauti. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayahamishia kwenye Kiingereza: “mi-TI-gate”. Sahihi ni “MI-ti-gate”. Lakini maneno yanayoishia na “-tion” yanafuata desturi yetu, “mi-ti-GA-tion”, kwa hiyo hayo hayakupi taabu. “Drought” ina “gh” isiyosomwa. Linalandana na “out”.