Siku moja maishani mwangu: "Mzee, umepata choo?"

Saa 12:40 asubuhi nimeshafika wodini, chai haijashuka vizuri. Mimi ni nesi wodi ya upasuaji, na swali ninalouliza kuliko yote kwa siku ni hilo hapo juu. Watu hucheka wakilisikia. Mgonjwa ambaye hajapata choo siku sita hacheki.

Saa 1. Ripoti. Mwenzangu wa usiku macho mekundu, anasoma kitanda kwa kitanda. Kitanda cha 6, mzee aliyevunjika bega la kulia na mbavu, "anaharisha toka jana jioni, shuka tumebadilisha mara nne, kaandikiwa dawa ya kuzuia kuhara, dozi ya kwanza saa 2." Nikafungua chati, safu ya choo ya siku zote toka oparesheni ina tiki mbili tu, kwingine wazi. Tiki ya nini sasa? Kigumu, laini, kidogo, kingi? Jamani, si tunayo chati ya Bristol yenye michoro saba kabisa, namba 1 vipande vigumu kama kokoto mpaka namba 7 maji matupu, ni kuandika namba tu lakini watu wanatia tiki wanaondoka. Halafu anachomwa mofini ya maumivu kila siku na dawa ya kulainisha choo hakuna hata moja. Mofini inapunguza mwendo wa utumbo, na kwa hilo mwili hauizoei kama unavyozoea ule usingizi wake, ndo maana mofini na kilainishi cha choo huanza pamoja.

Saa 2 kasorobo. Nikavuta pazia, shikamoo mzee, marahaba. Ulivyokuwa mzima ulikuwa unapata choo mara ngapi? (Mara tatu kwa siku ni kawaida, mara tatu kwa wiki nayo kawaida, kwa hiyo lazima umjue wa kwako.) Akageuza uso ukutani, "binti yangu, mambo haya nakwambiaje wewe." Nikavuta kiti nikakaa, maana ukiuliza haya umesimama mlangoni unajibiwa "niko sawa" basi. Taratibu akasema zamani ilikuwa kila asubuhi baada ya chai, sasa hivi maji yanajitokea yenyewe hana habari, na bado anajisikia amejaa.

Hapo nikaanza kuelewa. Tumbo unaliangalia kwanza, unasikiliza, ndo unagusa, maana mkono ukitangulia unabadilisha sauti za utumbo. Limevimba, sauti zipo, kushoto chini kuna mabonge. Nikamwomba ruhusa, nikavaa glovu, nikapaka geli, kidole kikaingia njia ya haja kubwa kikakutana na kitu kama jiwe. Kumbe mzee haharishi kabisa! Choo kimeziba, maji maji ya juu yanapenya pembeni. Hiyo dawa ya saa 2 ingekuwa kuongeza kizibo juu ya kizibo. Nikaizuia nikampigia daktari, akaja akahakikisha utumbo haujajifunga kwa sababu nyingine, akaifuta, akaandika enema (maji ya kuingizwa njia ya haja kubwa ili choo kitoke) na kilainishi cha kila siku.

Saa 4. Enema. Ubavu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa, maji ya uvuguvugu, mrija una geli unaingia sentimita 7 mpaka 10 na haulazimishwi. Akilalamika tumbo linakata unashusha mfuko, unasubiri. Mkono mwingine uko kwenye mapigo yake, maana huko nyuma kuna neva ikiguswa vibaya moyo unapunguza kasi, akitoka jasho au kizunguzungu unaacha hapo hapo. Zikatoka kokoto tatu. Namba 1.

Katikati hapa wagonjwa wengine. Yule wa chumba cha peke yake anaharisha kwa bakteria wa klostridiamu, huko mikono ni sabuni na maji, sanitaiza haiui mbegu zake. Mama wa stoma naye (tundu la tumboni ambalo choo hutokea na kuingia mfukoni), iko nyekundu na mbichi kama ndani ya mdomo, ndivyo inavyotakiwa (ikianza kuwa nyeusi ni kumwita daktari mbio). Wiki nzima alikuwa anaangalia dari nikibadilisha mfuko, leo kachukua mkasi akakata tundu la mfuko mwenyewe. Kakata kubwa mno, kinyesi kingemla ngozi, tukacheka, tukakata jingine.

Saa 7 na nusu mchana, mzee kamaliza kula. Utumbo mkubwa huamka chakula kikiingia tumboni, kwa hiyo huu ndo muda wenyewe. Sikumpa beseni kitandani, hebu jaribu wewe kujisaidia umelala chali. Nikamkalisha kiti cha choo, miguu juu ya kistuli, ainame mbele kidogo, kengele mkono wa kushoto, nikasimama nje ya pazia nikijifanya napanga shuka. Dakika kumi kimya. Halafu nikasikia, na wodi nzima ikasikia, hakuna aliyesema kitu. Mzee wa watu akaniambia sista, leo nitalala.

Nikamsafisha, ngozi imeanza kuwa nyekundu, nikapaka krimu ya kinga.

Saa 12 jioni naandika: muda, namba 2 kisha 4, kingi, kahawia, hakuna damu, tumbo limelainika. Mwenzangu wa usiku kaingia, hata mkoba hajaweka chini, kaenda moja kwa moja kitanda cha 6, "mzee, umepata choo?"

"Muulize huyo," mzee akaninyooshea kidole, "kaandika mpaka rangi."