Swali la sita

Leo nimeamshwa na harufu ya migebuka. Jirani anakaanga kwa mawese, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana tumbo halikuchafuka. Nikachungulia dirishani nikaomba kipande. Akacheka: "Dada, umepona wewe!"

Titi la kushoto halipo. Nywele zimeanza kuota, laini kama za kichanga. Kila usiku baada ya taarifa ya habari nameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi, na nitaimeza miaka 5, pengine 10. Nikiwa naitumia sitakiwi kushika mimba, inaweza kumdhuru mtoto. Nina miaka 31. Piga hesabu.

Hesabu hiyo inaninyima usingizi kuliko kovu. Kabla ya dripu za kwanza, zile nyekundu ambazo hata mkojo unatoka mwekundu, niliambiwa nywele zitadondoka, nitatapika. Kwamba zinaweza kuharibu mayai niliambiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili, dripu ya tatu imeshaingia mwilini. Kumbe yapo ya kufanya mapema: mayai kugandishwa, au sindano ya kila mwezi ya kulaza ovari zisiumie sana. Hela ningeitoa wapi, sawa. Lakini hata kuulizwa?

Shangazi wa Ujiji naye hachoki. "Mbona kimya, wanangu?" Mume wangu humjibu, "Mungu akijalia, shangazi," halafu anaingiza habari za bei ya dagaa. Tukibaki wawili, kimya.

Kalenda ya jikoni ilikaa miezi 7 bila duara hata moja. Mwezi uliopita nimechora moja. Nililia nimeshika kalamu, kama mwendawazimu. Nesi akanipoza: kuona siku zako si hakikisho la mtoto, na kutoziona si kinga ya mimba.

Kuna utafiti uliotoka 2023. Wanawake vijana wenye saratani kama yangu walisimamisha vidonge baada ya miezi 18 hadi 30, wakatafuta mtoto kwa muda usiozidi miaka 2, kisha wengi wao wakarudia dawa. Kwa miaka michache waliyofuatiliwa, ugonjwa haukuwarudia zaidi ya wengine. Michache, nimelisoma neno hilo mara nyingi.

Keshokutwa napanda basi la Mwanza, kliniki. Safari iliyopita swali la mtoto lilikuwa la sita kwenye karatasi yangu; nilipolifikia daktari alishafunga faili, na mgonjwa mwingine yuko mlangoni. Usiku huu nimeandika karatasi mpya. Limekuwa la kwanza, na nimempa mume wangu alisome.