Saini za nauli zilivyotaka kutuondolea mashamba ya michikichi

Sisi huku Kigoma michikichi ndo maisha, mawese yamenisomesha mimi na wadogo zangu wote. Serikali ilipoanza kulivalia njuga hili zao 2018 kila mtu akawa anatafuta shamba, basi na kwetu akaja mwekezaji anataka hekta 240 apande Tenera, ile michikichi chotara ya kisasa. Mtaalamu wake akasema pale ni pori tu halina mwenyewe. Pori gani jamani? Lile shamba bibi yangu kalipumzisha tu, na ile michikichi mirefu iliyomo kaipanda yeye kwa mkono wake.

Tukaitwa kikaoni, tukapewa soda na elfu tano ya nauli, tukasaini. Wiki mbili baadae nasikia eti kijiji kimeshakubali. Nikaenda kwa mtendaji kuomba muhtasari, akanizungusha siku tatu, ya nne akanipa, aisee mpaka leo inaniuma, zile saini za nauli ndo zimebandikwa nyuma kwamba tumeridhia! Na ya mama yangu imo.

Binamu yangu aliyesoma sheria akanionyesha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba eneo likiwa chini ya hekta 250 wa kukubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji, sio mwenyekiti wala halmashauri ya kijiji, ikizidi hapo ndo inaenda kwa waziri.

Tukazunguka na wazee siku mbili na simu yenye jipiesi, kila shamba tukaandika la nani, makaburi yako wapi, maji tunachota wapi. Kilichotusaidia zaidi ni kina mama. Vikao huwa vinaitishwa asubuhi wao wako kwenye kukamua mawese, kwa hiyo tukapita nyumba kwa nyumba tukaomba mkutano uwe Jumapili jioni, wakajaa, na mambo yote yakaelezwa kwa Kiha ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Mkutano ukakataa kutoa ardhi, ila hatukumfukuza mtu, tukamwambia atukopeshe miche tupande wenyewe mashambani kwetu, chikichi atanunua kwa kilo. Alinuna, akaondoka, baada ya miezi akarudi akakubali.

Halafu tukaanza kufuatilia hati za kimila, zile za kumiliki ardhi ya kijiji, hapo ndo kuna mlolongo, tulisubiri sana. Ya shamba la bibi imetoka mwaka jana, na safari hii mama kabla ya kusaini alinisimamisha nimsomee yote mwanzo mpaka mwisho, mara mbili.