Incognito haikufichi: nilivyowakata wanaonifuatilia mtandaoni

Kila ukilalamika kwamba matangazo yanakufuata lazima atokee mtu akwambie "si ufungue incognito tu", na ushauri huu unaniudhi kweli maana watu wanauamini. Incognito, ile hali ya faragha ya brauza, inafuta historia kwenye simu yako ukishafunga, basi. Inakuficha kwa mdogo wako anayeazima simu, tovuti zenyewe bado zinakuona. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hilohilo, na 2024 wakakubali kufuta data za watu waliokuwa wanapekua kwa incognito.

Mimi nilikuwa nasoma mambo ya kisukari kwa ajili ya mama, haijapita muda kila ukurasa nikifungua ni dawa za "kumaliza sukari". Ikaniuma, ugonjwa wa mama yangu si bidhaa.

Nikaweka brauza ya Firefox, ulinzi wake dhidi ya wafuatiliaji nikaupandisha hadi kiwango kikali, juu yake nikaongeza uBlock Origin, ekstensheni (yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza) inayozuia matangazo na wafuatiliaji. Chrome ya Android haipokei ekstensheni ndo maana nikahama. Kurasa zikawa nyepesi na bando linadumu zaidi kidogo.

Sasa shirika la EFF, linalotetea haki za watu mtandaoni, lina kipimo cha bure kinaitwa Cover Your Tracks, unabonyeza tu kinakuonyesha unavyoonekana huko nje. Nikapima: matangazo yanayofuatilia yamezuiwa safi, lakini simu yangu bado inatambulika! Kumbe wanakusanya saizi ya skrini, lugha, fonti, majira ya saa, hadi namna simu inavyochora picha, wakiviunganisha wanakujua hata bila kuki, vile vifaili vidogo tovuti inavyoacha kwenye simu ili ikukumbuke. Jamaa mmoja akanishauri niongeze ekstensheni zingine, nikajaza, nikapima tena, wapi! Na ndivyo ilivyo, kila kitu cha ajabu unachojivisha ndo kinakutofautisha na wenzako. Nikatoa zote nikabakiza uBlock. Kwa vitu nyeti zaidi natumia Tor Browser, yenyewe inajitahidi watumiaji wote wafanane, ila ni nzito, uwe na subira.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kutenganisha. Imeili na akaunti zote ziko brauza moja, kusoma na kutafuta nafanya kwenye nyingine ambako siingii akaunti hata siku moja, maana ukishaingia umejitaja mwenyewe, kuzuia kuki hakutakusaidia.

Hela sijatoa zaidi ya bando la kupakulia. Na hizo VPN za bure mnazoshauriana, zile programu zinazopitisha mtandao wako kwenye kompyuta za mtu mwingine, jamani, anayeziendesha anaona tovuti zote unazokwenda, bora mtandao wako wa simu unaoujua.