Kadi kwenye kila mlango: nilivyopanga bajeti ya tangazo letu la kusafisha kapeti Minnesota

Tukikutana Waswahili wa hapa Brooklyn Park, iwe arusini au hitimani, hakosi mtu wa kunivuta pembeni: "Dada, zile kadi za posta zilikula shilingi ngapi?" Nikimtajia anashika kichwa, anasema hana hela hiyo. Mwezi haujaisha namwona amechapisha vipeperushi elfu tano, vimelala gereji kwake vinapata unyevu. Leo naandika kila kitu, tena na hasira kidogo, kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni na watu wanaonipenda ulinipotezea pesa ambazo zingelipa ada ya mtoto wa dada yangu Tanga.

Mimi na mume wangu tunasafisha kapeti majumbani. Mashine tulinunua iliyotumika, gari tulikuwa nalo. Minnesota ni mahali pazuri kwa kazi hii kwa sababu ya theluji: barabara zinamwagiwa chumvi miezi kadhaa, watu wanaingia nayo ndani kwenye viatu, na ikifika Aprili kila kapeti karibu na mlango ina alama nyeupe na tope juu yake. Wateja wapo. Shida ilikuwa hawatujui.

Aprili 2023 shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaniambia: "Shemeji, kwa nini ulipe posta? Chapisha vikaratasi, mimi na wewe tunazunguka jioni, tunatia kwenye masanduku ya barua, kwisha." Lilinikaa akilini. Mimi nimekulia Tanga, barua zetu zilikuwa kwenye sanduku la kukodi pale posta, baba ndiye mwenye ufunguo. Sanduku lililosimama nje ya nyumba ya mtu, halina hata kufuli, sikujua kwamba lina sheria yake. Tukachapisha elfu moja, tukazunguka jioni mbili na viatu vya baridi, tukajisifu.

Siku ya nne nikapigiwa simu kutoka posta. Mleta barua alikuwa amekusanya vipeperushi vyetu 180. Namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila kimoja, hakuhitaji kunitafuta. Mama aliyezungumza nami alikuwa mpole, akanieleza kwamba sanduku la barua Marekani ni la barua zilizolipiwa tu, na anayetia kitu bila kulipa anaweza kutozwa faini kwa kila kimoja. Nikatakiwa nilipie stempu kamili kwa vyote 180, na wakati huo stempu ilikuwa senti 63. Pigeni hesabu wenyewe.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Vikundi vya wakazi wa Greenburgh, jimbo la New York, walitaka ruhusa ya kuweka matangazo yao masandukuni bila stempu, na mwaka 1981 wakashindwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "weka tu, hakuna anayejali," mwambie kuna watu walikwenda mahakamani na wakili juu na bado hawakupata. Mlangoni, kwenye kitasa, ni habari nyingine. Ila nako uliza kwanza manispaa yako.

Yule mama wa posta ndiye aliyenionyesha njia. Akaniambia kuna huduma inaitwa Every Door Direct Mail: huna haja ya orodha ya majina wala kibali cha kulipia kila mwaka. Unaingia kwenye tovuti ya posta, unafungua ramani, unaona mitaa imegawanywa kwa njia, kila njia ni mzunguko wa mleta barua mmoja, na pembeni imeandikwa ina nyumba ngapi. Unachagua njia, unapeleka kadi zako, naye anatia moja kila sanduku. Kuanzia kadi 200 hadi 5,000 kwa siku katika postikodi moja. Wakati ule ilikuwa kama senti 20 kwa kadi, na imekuwa ikipanda, kwa hiyo angalieni bei ya siku hiyo kabla ya kupanga.

Msichapishe kadi kabla ya kusoma vipimo. Mimi nilichapisha ndogo, inchi nne kwa sita, kwa kuwa zilikuwa za bei rahisi, zikakataliwa. Huduma ile inataka kadi kubwa: lazima izidi inchi 10 na nusu kwa urefu, au ikiwa fupi, izidi inchi sita na moja ya nane kwa kimo. Ninayotumia sasa ni inchi sita na robo kwa tisa. Zile ndogo nikazigeuza za kuwaachia wateja wampe jirani, na mpaka leo zinaleta mtu mmoja mmoja.

Septemba 2023 ikafika zamu yangu ya mchezo, yaani upatu. Tuko kina mama kumi, kila mwezi dola 200, kwa hiyo nikapokea 2,000. Nikamwambia mume wangu hizi hazigusi kodi ya nyumba wala hazitumwi nyumbani, hizi ni za kadi. Akakubali, ingawa niliona uso wake.

Ushauri wa pili nilioupata, huu kutoka kwa mtu aliyesomea biashara, ulikuwa: "Sambaza eneo kubwa, tafuta watu wenye kipato." Ramani ya posta inakuonyesha kipato cha wastani cha kila njia, basi nikachagua njia nne zenye namba kubwa kubwa, jumla nyumba 2,200. Uchapaji ulikula mia tatu na hamsini hivi, posta mia nne na arobaini. Karibu mia nane zikaondoka kwa siku moja.

Tukapata wateja wanne. Wanne! Kila kazi kwetu ni kama dola 170, ukitoa sabuni, mafuta, kuchakaa kwa mashine na fungu la kodi ya serikali, inabaki kama 110. Wanne hao hawakurudisha hata gharama ya uchapaji wote pamoja na posta. Nilikaa jikoni usiku ule nikahesabu mara tatu.

Nilipoamua kwenda kuona kwa macho nilikopeleka kadi ndipo nilipoelewa. Njia moja ilikuwa nusu yake majengo ya kupanga, na mpangaji hasafishi kapeti, anayesafisha ni mwenye jengo mtu akihama. Njia nyingine ilikuwa nyumba mpya nzuri, watu wana hela kweli, lakini sakafu zao ni mbao kuanzia mlangoni hadi jikoni. Nilikuwa nimelipa nauli ya kumpelekea kinyozi mtu asiye na nywele. Na jambo la tatu lilikuwa letu wenyewe: simu ilikuwa mfukoni mwa mume wangu, na ile mashine ikinguruma hasikii kitu. Jioni tukikuta namba ambazo hazikupokelewa, tukipiga, mtu anasema ameshapata mwingine. Sita walipotea hivyo katika wiki mbili. Tangu siku hiyo simu nashika mimi, na wakati wa kadi siendi kazini na mashine.

Sasa hapa ndipo penye ujanja ninaojivunia, na sikufundishwa na mtu. Baridi nzima ile nilikuwa nafungua tovuti za nyumba zinazouzwa. Mtu akiuza nyumba hapa anaweka picha za kila chumba, pamoja na besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Nikachukua daftari la mtoto, nikapiga mstari, nikawa naandika: mtaa huu, nyumba ya mwaka 1983, kapeti vyumbani, kapeti ngazini, kapeti besimenti. Mtaa ule, nyumba ya 2016, mbao tupu. Hata nyumba zilizouzwa zamani picha zake mara nyingi bado zipo. Kila usiku watoto wakilala naangalia kama ishirini. Kufika Februari nilikuwa nazijua sakafu za mitaa yetu kuliko wauzaji wa nyumba. Nikaweka daftari juu ya ramani ya posta, zikatoka njia mbili tu, jumla nyumba 1,150, za watu wa kipato cha kawaida, karibu zote za miaka ya sabini na themanini, kapeti kila mahali.

Mchezo ulikuwa umebaki dola 1,200. Mume wangu akasema tupeleke mara moja, zinazobaki tuweke. Mimi nikasema hapana, twende mara tatu kwenye njia zilezile. Tulibishana siku mbili. Nikamwonyesha hesabu hii, na ndiyo hesabu ninayomwonyesha kila anayeniuliza. Kadi 3,450 zikichapwa kwa mkupuo mmoja ni kama 450, kwa sababu mchapaji akiwasha mashine mara moja bei ya kadi inashuka. Posta kama 230 kila safari, mara tatu 690. Jumla 1,140. Kila kazi inatuachia 110. Kwa hiyo tukipata wateja kumi na mmoja katika nyumba 1,150 hela yetu imerudi, yaani nyumba moja tu katika kila mia. Nikamuuliza, "Baba, katika nyumba mia moja zenye kapeti yenye chumvi, hatumpati hata mmoja?" Akanyamaza, akachukua funguo za gari, tukaenda kwa mchapaji. Zilibaki dola 60.

Kabla ya kuchapa nikaomba kona ya kadi iwe na rangi tofauti kila safari: buluu ya kwanza, kijani ya pili, chungwa ya tatu. Mtu akipiga namuuliza, "Samahani mama, kona ya kadi yako ina rangi gani?" Wanajibu kwa furaha tu, hakuna aliyewahi kukasirika. Naandika daftarini. Mchapaji alitaka kutuuzia namba maalum za simu za kufuatilia matangazo, kila mwezi dola kadhaa. Rangi haikutugharimu chochote.

Kazi ya kufunga usiipuuze ukapanga siku moja ya mwisho. Kadi zinafungwa mafungu ya 50 hadi 100, kila fungu na karatasi yake juu yenye namba ya njia, na kuna fomu ya kwenda nayo kwenye posta inayohudumia postikodi ile, siyo posta yoyote iliyo karibu na kwako. Sisi tulifunga hamsini hamsini mezani, watoto wakihesabu, mimi nikirudia, mume wangu akitia mpira. Na njia huigawi: ukiichukua unalipia nyumba zote za njia hiyo. Ndiyo maana bajeti yako ianze na njia, usianze na "nina dola mia tano nichape ngapi."

Safari ya kwanza tuliipeleka mwanzoni mwa Aprili 2024, theluji ikiyeyuka, nyingine zikafuata kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza wakaja wateja watano. Mume wangu hakusema kitu lakini nilimwona anahesabu. Ya pili tisa. Ya tatu wanane. Ishirini na wawili! Nilipoweka alama kwenye ule wa kumi na moja nilimpigia mume wangu akiwa kazini, nikasahau kwamba hasikii kwa mashine, nikampigia mara nne mpaka akadhani kuna msiba.

Na rangi zikanifundisha kitu. Kati ya waliopiga safari ya pili, wengine walikuwa na kadi ya buluu mkononi. Walikuwa wameiweka tangu mwanzo, ile ya kijani ikawakumbusha tu. Yule aliyenishauri nisambae eneo kubwa mara moja, kadi zake zingekuwa zinatupwa na watu waliokuwa karibu kutuita.

Vuli ya 2024 nilikuwa tayari na zamu nyingine, lakini nikazuia mkono. Oktoba ile ilikuwa ya uchaguzi, na masanduku ya watu yalijaa kadi za wanasiasa, kubwa kuliko zangu na zenye sura za watu. Nikasubiri kura zipigwe tarehe 5 Novemba, tarehe 7 nikapeleka zangu, zikafika watu wakijiandaa kwa wageni wa Thanksgiving, sikukuu yao ya kushukuru, ya tarehe 28. Safari moja tu, nyumba zilezile, kama dola mia nne. Wateja wapya wanane, na wa zamani wanne wakarudi bila hata kuulizia bei.

Januari 2025, baridi imeshika, sina kadi yoyote njiani, simu ikalia. Bibi mmoja wa njia ya pili, sauti ya taratibu, anasema mbwa wake amezeeka na ameharibu kapeti ya ngazini. Nikamuuliza rangi ya kona kwa mazoea tu. Akaniambia ngoja, nikasikia anatembea, mlango wa friji ukasikika, akarudi: "Buluu. Ipo hapa tangu majira ya kuchipua."