Nimeazima au Nimeazimisha?

Katika wiki yangu ya tatu kwenye ghala moja hapa Leeds, Uingereza, msimamizi aliniuliza ilipo skana niliyokabidhiwa asubuhi. Nilikuwa nimempa mwenzangu ambaye yake iliishiwa chaji, nikajibu bila kusita, "I borrowed it to him." Msimamizi akaelewa kwamba mimi ndiye niliyechukua ya mwenzangu, kwa hiyo sasa ninazo mbili, akasimama mbele yangu akisubiri nizitoe zote.

Kosa lile nililitoa nyumbani. Sisi husema "ameniazima jembe" na pia "nimeazima jembe kwa jirani" kwa kitenzi kilekile, na msikilizaji hapotei, kwa kuwa ile "ni" ya katikati au neno "kwa" humwonyesha nani katoa na nani kapokea. Kiingereza hakina msaada huo. Kina vitenzi viwili visivyo na undugu wowote, "borrow" cha anayepokea, kinachofuatwa na "from", na "lend" cha anayetoa, kinachofuatwa na "to", na ambacho kikitaja jambo lililopita huwa "lent". Tangu siku ile sipiti tena kwenye kuazima. Napitia kwenye kukopa na kukopesha, ambako Kiswahili chetu hakichanganyi: nikikopa ni "borrow", nikikopesha ni "lend", hata kama kinachotolewa ni mwavuli. Kujifunza na kufunza, yaani "learn" na "teach", huenda kwa njia hiyohiyo.

Wenyeji nao si malaika. Hapa Yorkshire, eneo ilipo Leeds, nimesikia zaidi ya mara moja mtu akiomba, "Can I lend your pen?", na hakuna aliyemcheka, ingawa mimi nisingethubutu kuandika hivyo kwenye mtihani.

Kwenye nyumba mambo hugeuka, kwa maana sisi tuna kupanga na kupangisha, ilhali "rent" yao hubeba yote mawili. Kwa anayepangisha wana pia "let", ndiyo maana vibao vya nyumba zinazopangishwa huandikwa "To Let", maneno ambayo kwa miezi miwili niliyasoma nikijiuliza ni ruhusa ya nini inayotolewa pale. Nilipotafuta chumba, mtu aliniandikia kwamba anataka "to rent a room", nami, nikiwa nimeshaungua kwa skana, nikamuuliza kwanza kama chumba anacho au anakitafuta. Alikuwa anakitafuta.