Kitunguu cha mama

Jana usiku nimelala. Naandika hilo kwanza kwa sababu usiku wa juzi sikulala.

Juzi kulikuwa na harusi hapa mtaani kwetu Langoni, Lamu. Pilau ya mbuzi, na kando yake sinia la kachumbari: nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, giligilani, ndimu imekamuliwa mpaka inachuruzika. Nilijiambia kijiko kimoja tu, cha heshima. Nikala vinne. Saa sita usiku nilikuwa juu darini nakwenda na kurudi nimejishika tumbo, limejaa kama ngoma, linasokota, linanguruma, na ule upepo wa kusi unanipiga usoni bila kunisaidia kitu. Punda wa jirani alilia mara mbili. Nilimwonea wivu. Anakula majani mabichi mchana kutwa, na hata maganda na maboksi akiyakuta, wala hamwambii mtu kitu.

Wanaonijua watacheka, kwa sababu miaka mitatu iliyopita mimi ndiye niliyekuwa mhubiri wa mboga mbichi katika nyumba hii. Nilirudi kutoka Mombasa na elimu niliyoiokota kwenye simu: moto unaua mboga, vimeng'enya vinakufa, vitamini zinakwenda na mvuke, na mtu anayechemsha mchicha ni kama anayekula majivu. Asubuhi nikisaga sukuma wiki na tango nikanywa bilauri nzima. Mchana bakuli la kabeji na karoti zilizokunwa, na kitunguu kibichi juu. Mama akiteleka mchicha wake wa nazi, nikamsimamia jikoni.

"Mama, unaiua mboga."

Hakugeuka. Alikuwa anachuja tui. "Kama imekufa," akasema, "nyinyi mumekuaye?"

Tumbo langu lilianza kulalamika wiki ya pili. Nilisoma mahali kwamba hizo ni sumu zinatoka mwilini, nivumilie. Nikavumilia. Mambo mengi ya ajabu mtu huyavumilia akiambiwa ni sumu zinatoka. Miezi miwili nilikuwa navaa dera tu, maana sketi zilinibana ikifika alasiri, na safari ya mashua kwenda Mokowe ikawa hesabu: nile saa ngapi, nisile nini, choo kiko wapi tukifika upande wa pili.

Hatimaye nilikwenda kwa daktari. Aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: je, choo kina damu? Nimepungua uzito bila sababu? Maumivu yananiamsha usingizini? Nina homa? Yote hapana. Akapima choo kutafuta amiba na minyoo, hakuna. Akaniambia utumbo wangu hauna kidonda wala mdudu, ila ni mwepesi wa kuhisi. Gesi ambayo mwenzangu anaibeba bila kujua, mimi naisikia kama ngumi. Akasema niandike ninachokula.

Basi nikaweka daftari. Ni lile lile la shule, la mistari, na sasa limejaa madoa ya binzari.

Karoti mbichi: tabu. Karoti ile ile ndani ya mtuzi, imeiva hata kijiko kinaikata: salama kabisa. Kabeji mbichi sitaki hata kuikumbuka. Kabeji ya kukaanga ikalainika, nusu sahani naiweza, sahani nzima siiwezi. Tango likimenywa na kutolewa mbegu halina neno. Nyanya haina neno, mbichi wala ya kupikwa. Bamia, majani ya kunde, maboga, mchicha, vyote vikipikwa vinapita kama wageni wenye adabu.

Sababu yake si uchawi. Mboga imejengwa kwa kuta, kila seli na ukuta wake wa nyuzinyuzi, na tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuuvunja. Moto unazilegeza kuta hizo kabla hazijafika tumboni, kazi ambayo vinginevyo inabaki kwa meno. Na mimi, nikiri, natafuna kama mtu anayekimbilia mashua ya mwisho. Kinachobaki hakijasagika kinafika utumbo mpana, na huko vijidudu vinafanya karamu yao, na karamu ya vijidudu ni gesi.

Na yale ya vitamini? Kuna ukweli nusu. Vitamini C kweli haipendi moto, na nyingine inakwenda na maji tunayoyamwaga. Lakini ile rangi nyekundu ya nyanya, likopeni, mwili huipata vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta. Na rangi ya karoti na ya majani ya kijani, ile mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Sasa fikiria mchicha ndani ya tui zito. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, nikitazama mbuzi ya kukunia nazi pale pembeni.

Halafu kuna kisamvu. Hakuna mtu wa pwani anayekula kisamvu kibichi, hata yule shabiki mkubwa wa saladi, kwa sababu jani la muhogo lina kitu kinachotoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana kinatwangwa, kinachemshwa sana, maji yanamwagwa. Waliogundua hilo hawakuwa na maabara. Walikuwa na kinu, moto na subira, na mimi nilikuja na bilauri ya sukuma mbichi kuwafundisha.

Lakini daftari lilikuwa na fumbo moja. Kitunguu. Kibichi kinaniangusha, sawa, kimeingia kwenye kanuni. Mbona na kilichopikwa pia? Mtuzi wenye vitunguu vitatu vilivyoyeyuka humo ndani unanifanyia yale yale ya kachumbari, taratibu kidogo tu. Hapo ndipo niliposoma habari za watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliochunguza wanga mdogo mdogo unaochacha utumboni. Kitunguu na saumu vina fruktani, mmojawapo wa wanga huo, na hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuivunja. Moto hauiondoi. Ila inayeyuka kwenye maji, na haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo ukikaanga vipande vikubwa vya kitunguu kwenye mafuta, ukavitoa kabla hujatia maji, harufu na ladha inabaki na sehemu kubwa ya balaa unaitoa na kijiko. Nimejaribu. Inafaa, ingawa dada yangu anasema mtuzi huo una huzuni.

Sisemi mboga mbichi ni mbaya. Binamu yangu anakula kabeji mbichi kama karanga na hajawahi hata kucheua. Nakerwa tu na wanaoifanya dini. Pia kuna jambo jingine tunalolichanganya na hili: mboga zetu zinatoka Mpeketoni na kwingineko bara, zinapanda lori mpaka Mokowe, zinavuka kwa mashua, zinashikwa na mikono mingi kabla hazijafika soko la pale karibu na ngome. Ukila mbichi isiyooshwa kwa maji safi ukaharisha, hapo si utumbo mwepesi. Ni mdudu, na dawa yake ni nyingine.

Sasa jana. Mama aliniona asubuhi macho mekundu, hakuuliza. Mchana alikaa kwenye kigoda akakata kitunguu kwa ajili ya kachumbari, chembamba hata unaona kisu upande wa pili. Akatia chumvi konzi moja, akakifinya kwa mikono miwili mpaka kikatoa maji na povu, akaosha, akafinya tena, akaosha. Maji matatu. Utotoni tulikuwa tukipewa kazi hiyo, na mimi ndiye niliyeiacha, kwa sababu simu iliniambia kuosha ni kupoteza virutubisho. Na juzi harusini, kwenye haraka ya kulisha watu wote wale, nadhani kitunguu kilikatwa kikatiwa ndimu, basi.

Nilimuuliza mama kwa nini wanaosha.

"Kutoa ukali."

Nikamweleza fruktani, maji, Australia, vijidudu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya tango.

"Ndiyo," akasema. "Ukali."

Nikala vijiko viwili, nikitafuna polepole kama bibi asiye na meno. Usiku tumbo lilinguruma mara moja, likatulia. Nimeandika kwenye daftari: kitunguu cha chumvi, maji matatu, vijiko viwili, salama. Siku moja haitoshi kuwa ushahidi, nitarudia Ijumaa.

Sasa ananiita kutoka juu nikamnunulie mchicha mafungu manne na nazi mbili kabla jua halijawa kali. Na kitunguu kimoja, anasema. Kidogo.